Wiki Saba za Mgongo wa Kalamu

Mwanangu Saumu,

Mama yako yuko chumbani kwako anakunja nguo ambazo ulikwisha kuzikunja mwenyewe jana. Wewe umekwenda kwenye ukumbi wa barafu kuchukua viatu vyako vya barafu vilivyokuwa vinanolewa. Mambo ya koti, ya dawa za mafua, ya kutotia pasipoti mfuko wa nje, mama yako amekwisha kukwambia na atakwambia tena, basi mimi sitayagusa. Nimeomba ruhusa kazini leo nikae hapa mezani niandike.

Najua Kiswahili unakisoma polepole, kwa kusogeza midomo. Ndiyo maana nimekichagua. Kiingereza changu mimi ni cha kazini: mgonjwa huyu aende ghorofa ya tatu, samahani, nipisheni. Hakitoshi kwa hili.

Kesho unakwenda Ujerumani kucheza kwenye maonyesho ya barafu, na wiki nzima watu wamekuwa wakija hapa Guildford kukupongeza. Nimekaa nao, nimewamiminia chai. Kila aliyenipa mkono akasema, "Hongera, baba Saumu, umelea," nilihisi kama mtu aliyeshikishwa mali ya wizi mbele za watu. Kuna jambo nimekuficha miaka minne. Linahusu Kalamu, mwenzio wa barafuni, na linahusu ile siku mlipoanguka. Nitalisema lote, lakini niache kwanza nianzie nyuma kidogo. Sitaki kujitetea. Nataka tu uone jambo lile lilivyoota.

Barafu niliyoijua mimi utotoni Tanga ni ile ya kwenye mfuko wa nailoni, ya ubuyu, aliyokuwa akiiuza bibi yako mlangoni Ngamiani. Ulipoalikwa sherehe ya mwenzio wa darasani, una miaka minane, nikakupeleka, nikakuta uwanja mzima wa barafu na watu wanapita juu yake kwa visu miguuni, nilicheka peke yangu. Ulianguka mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara ya kumi na mbili ulisimama, ukazunguka uwanja wote hujashika ukuta, ukaja ukutani nilipo, ukanambia kwa Kiingereza chako, "Baba, sitaki kwenda nyumbani."

Ukaanza. Kocha akasema una sikio la muziki na una magoti laini, ucheze dansi ya barafu, ile ya wawili. Tatizo likawa mwenzio. Wasichana walikuwa wengi, wavulana hakuna. Ukangoja karibu miaka miwili ukicheza na hewa, mikono umeinyoosha kama umemshika mtu. Ulipofika miaka kumi na minne ndipo akaja yule mtoto wa Penrith, Callum, mrefu, mwembamba, ana haya hata kumtazama mtu. Ulimi wangu ukakataa jina lake, nikamwita Kalamu. Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Yeye akalipenda.

Hujasahau safari zile. Saa kumi na nusu alfajiri mimi nimeshika usukani, ninyi wawili nyuma na blanketi moja, chapati za mama yako zimefungwa kwenye taulo. Kalamu alijifunza "shikamoo" kabla hajajifunza kula chapati bila uma. Mama yake alikuwa akifanya kazi za usiku, hakuweza kumleta, basi nikawa nampitia kituoni Parramatta na kumrudisha. Miaka minne na ushei. Alikuwa ananiita Baba, wala si kwa mzaha.

Watu wanadhani kama nina kosa juu yako, ni la kukuruhusu kucheza na mvulana. Unamkumbuka yule mzee wa Kimombasa tunayeswali naye. Alinisimamisha nje ya msikiti akanambia, "Athumani, mkono wa yule mtoto wa watu unakaa wapi pale kiunoni?" Nikamjibu, "Unakaa pale unapotakiwa ili mwanangu asianguke." Jibu hilo nililipenda. Nililirudia nyumbani, nikalirudia kazini, nikalirudia kwenye harusi. Mama yako naye alikuwa anakushonea magauni yale, anatia kitambaa cha rangi ya mwili wako mikononi na kifuani usionekane, anashona vijiwe vya kumetameta kimoja kimoja mpaka macho yanamtoka machozi, wala hakuwahi kulitangaza kwa mtu. Mimi ndiye niliyejiona shujaa.

Na ushujaa wangu ulikuwa umechanganyika na kitu kingine. Saumu, mimi kazi yangu ni kusukuma vitanda hospitalini. Naitoa maiti, nampeleka mwenye mimba, nampeleka mzee kupigwa picha ya mifupa. Watu hawaniulizi jina, wananiuliza lifti iko wapi. Mlipopata medali ya kwanza na picha yenu ikatoka gazetini, daktari mmoja wa upasuaji, ambaye alikuwa akinipita miaka yote kama anavyopita nguzo, aliingia lifti nikiwemo, akanitazama, akasema, kwa lile jina wanalokuita wenzio, "Wewe ndiye baba yake Sam, yule wa barafu?" Akanipa mkono. Siku ile nilisukuma vitanda kama nasukuma hariri. Tangu hapo nikawa nataka zaidi. Kutaka huko uite kujipenda au uite ulafi, yote ni sawa. Kila asubuhi nilipokuamsha nilisema naamsha ndoto yako. Nusu yake ilikuwa yangu.

Sasa nisikilize.

Ilikuwa Alhamisi, zimebaki wiki saba mashindano ya taifa. Nilimpeleka bibi mmoja kupigwa picha, na pale kwenye viti vya kungojea nikamwona Kalamu, ameinama, ameshika bahasha kubwa.

"Shikamoo, Baba," akasema.

"Marahaba. Una nini hapa?"

"Mgongo. Kuna ufa kwenye mfupa, hapa chini." Akajigusa kiunoni kwa nyuma. "Daktari kasema nisimwinue mtu. Miezi sita, labda zaidi. Nikiendelea, mfupa unaweza kuhama mahali pake." Akaitazama ile bahasha. "Jioni nitamwambia Sam."

Yule bibi nilishamkabidhi. Nilitakiwa nirudi juu kuchukua mgonjwa mwingine. Badala yake nikakaa karibu naye.

"Zimebaki wiki saba," nikasema.

"Najua."

"Ukimwambia, hatakubali kucheza na wewe."

"Najua, Baba. Ndiyo maana nataka kumwambia."

Alikuwa na miaka kumi na tisa na alisema maneno ya mtu mzima. Mimi nina miaka hamsini nikayajibu kama mtoto. Nikamwambia daktari lazima aseme vile, ni kazi yake kuogopa. Nikamwambia mimi niko hapa miaka kumi na mmoja, nimesukuma migongo isiyo na hesabu, watu wenye nyufa kama hiyo wanatembea, wanabeba matofali. Nikamwambia wiki saba si kitu, avumilie, akimaliza apumzike mwaka mzima, na wewe utamngoja.

Akatazama kitambulisho changu kifuani. Akatazama sare yangu.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Na Sam nisimwambie?"

"Usimwambie. Utamvuruga bure."

Mwanangu, mimi sijui mgongo. Sijasomea hata kufunga bendeji. Lakini nilikuwa nimevaa ile sare, na yule kijana hakuwa na baba mwingine wa kumuuliza. Aliikunja bahasha ile mara mbili ili iingie ndani ya begi lake la mazoezi.

Wiki saba hizo wewe unazikumbuka kwa namna yako. Unakumbuka Kalamu alivyobadilika, akawa mkali, akawa hacheki, akawa anakuachia mkono mapema. Nikwambie nilizozijua mimi. Kila alfajiri nilimpitia yeye kwanza, kabla hujashuka wewe kutoka nyumbani. Nilibadilisha njia makusudi, nikakwambia ni kwa sababu ya matengenezo ya barabara. Ndani ya gari nilimpaka dawa ya kuchua, nikamfunga mkanda mpana wa mgongo chini ya fulana, nikampa vidonge viwili. Halafu tukaja kukuchukua wewe. Ukiingia ulisema gari linanuka karafuu na kafuri. Nilikwambia ni begi langu.

Ukaanza kuacha chakula. Kalamu alikuwa akikuinua anakunja uso, na wewe hukujua uso ule unakunjwa na nini, ukaona ni uzito wako. Niliona sahani inavyorudi jikoni. Mama yako akanambia, "Mtoto hali." Nikamwambia, "Ni mashindano, yakipita atakula." Akasema, "Athumani, kuna kitu hapa," akaniangalia sana. Nikaondoka mezani. Hilo pia lihesabu, maana nilikuwa na neno moja tu la kukwambia ili ule, na sikulisema.

Mkawa mabingwa. Watu wote waliona dakika nne za muziki ule, na mimi niliziona, lakini mimi nilikuwa natazama mahali pamoja tu, mgongo wake. Mnyanyuo wa mwisho alikushusha mapema, nusu ya pigo la ngoma. Majaji sijui kama waliona. Wewe ulidhani ni ufundi, ukamalizia kwa mkono juu, ukumbi mzima ukasimama. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Kwenye picha ile iliyo sebuleni, Kalamu anacheka na mkono wake mmoja umeshika kiti. Sasa unajua kwa nini.

Nilipaswa kusema siku ile ile. Niliahidi wiki saba na wiki saba zimeisha. Lakini mabingwa wanapelekwa nje kuiwakilisha nchi, na barua ya kuwaita ilishakuja. Nikamwambia Kalamu, "Bado safari moja tu." Aliitikia kwa kichwa.

Siku kumi na mbili baadaye ndipo mlipoanguka. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ukumbi na chupa ya chai. Alikuinua, ukapanda vizuri, halafu miguu yake ikamkatikia ghafla. Ulitangulia kwa kidevu. Nikaruka ukuta na viatu vyangu vya kazi, nikateleza, nikaja kwako kwa magoti, damu ilikuwa inatoka, ukasema, "Mimi sina kitu, muangalie Kalamu." Nikageuka. Alikuwa amepiga magoti, viganja vyote viwili juu ya barafu.

"Baba, siwezi kuinuka," akasema. Halafu kwa sauti ndogo, ili wewe usisikie: "Sijamwambia."

Katika maumivu yale, aliona ni jambo la kunihakikishia.

Akapasuliwa, akatiwa vyuma. Kila aliyeuliza aliambiwa kaumia siku ile, mazoezini. Alitunza neno lake. Na mimi nikalitumia neno lake kama mwavuli.

Wiki ya pili ulikuwa jikoni na mama yako, nyuzi tano kidevuni. Mimi nilikuwa nje barazani navua viatu. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikusikia unamwambia, "Niliegemea mbele mapema, Mama. Nilihama uzito kabla hajajiweka sawa. Mimi ndiye niliyemvunja." Mama yako akasema si wewe, ni ajali, Mungu ndiye ajuaye. Ukasema, "Hapana. Nimerudia kichwani mara mia. Ni mimi."

Nilifunga tena kamba za viatu, nikatoka, nikazunguka mtaa mpaka magharibi. Niliporudi ulikuwa umelala.

Basi soma hapa polepole kuliko pengine pote. Hukuegemea mapema. Nilikuwa nakutazama na nakijua kile kipande kama Alhamdu. Ulipanda sawasawa, ulikaa sawasawa. Mgongo wake ulikuwa na ufa siku nyingi kabla, mimi nilijua, na mimi ndiye niliyemwambia aendelee. Hukumvunja. Wewe ulikuwa juu tu.

Ulikwenda Penrith kumtazama, mama yake akasema amelala. Ukaenda tena, akasema hivyo hivyo. Ukarudi na yale maua, ukayatia kwenye ndoo nje, hukuyaingiza ndani. Baadaye Kalamu mwenyewe akakutumia ujumbe ule mfupi, kwamba hawezi tena, na anaomba radhi. Ukaamini anakuchukia. Nikakuacha uamini.

Sijui nikwambie nini juu ya miaka iliyofuata, maana umeiishi mwenyewe. Kocha alikutafutia mwenzio mwingine, na mwingine. Kila mkono wa kukuinua ulipokushika wewe ulikakamaa, wakasema umekuwa mzito kuinuka. Bingwa wa taifa akaanza kuvaa kichwa cha ndege pengwini kwenye vile viwanja vya barafu vya likizo, mbele ya maduka, watoto wanakuvuta mkia. Nilikuja siku moja bila kukwambia. Ulikuwa unaserereka peke yako kati ya watoto, na hata ndani ya lile gunia la manyoya miguu yako ilikuwa inasema ukweli. Mwanamke mmoja karibu yangu akasema, "Huyo wa pengwini anajua kweli." Nilitaka kumwambia wewe ni nani. Safari hii ulimi haukuniruhusu.

Lakini hukuacha. Ukajitungia michezo ya peke yako, ukajirekodi kwa simu kwenye ukumbi mtupu, ukapeleka kwa watu wa maonyesho Ulaya bila kutuomba ushauri. Wakakuita. Umetoka kwenye kushindana ukaingia kwenye kuonyesha, na umelifanya bila mimi. Hilo ndilo linalonipa afueni kidogo, kwamba mkono wangu haumo.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtafuta Kalamu. Nilisikia anafanya kazi Mount Druitt, kwenye duka la mabomba ya maji. Nilimkuta nyuma ya kaunta, amekalia kiti kirefu chenye mto. Amenenepa kidogo. Aliponiona alisimama, na kusimama kwenyewe kulimchukua muda, kwanza mkono kaunta, halafu mguu mmoja, halafu mwingine.

"Shikamoo, Baba."

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Guildford, yote yakapotea. Nikamwambia Saumu anaondoka, anakwenda Ujerumani. Akasema vizuri, anastahili. Halafu akauliza, "Bado ananikasirikia?"

Nikasema, "Anakukasirikia kwa lipi?"

"Kwa kumficha. Nilicheza naye na mgongo mbovu nikamficha, ningeweza kumuua." Akanitazama. "Mwanzoni nilikataa kumwona kwa sababu nisingeweza kumtazama nikamdanganya. Halafu nikasema, Baba atamwambia. Nikangoja aje. Hakuja tena. Nikajua umemwambia, na amekasirika."

Saumu, nilishika kaunta.

"Sikumwambia," nikasema. "Mpaka leo. Anadhani alikuvunja yeye."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikaa tena kwenye kile kiti, polepole, akaziba mdomo kwa mkono. Halafu akauliza, "Miaka minne?"

"Miaka minne."

"Wewe ulimwona kila siku."

"Kila siku."

Akaingia mteja anataka kiungo cha bomba, fundi mmoja mwenye haraka. Kalamu akamhudumia, akamtafutia, akampa risiti. Yule fundi alipotoka nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Sijui. Leo sijui, Baba." Akaongeza, "Mwambie kabla hajaondoka. Asiende huko nalo."

Hiyo ni wiki nne zilizopita. Hesabu siku mpaka leo utajua nilivyo mwoga mpaka mwisho.

Sina busara ya kukupa, busara ningekuwa nayo ningeitumia. Nina hili moja tu nililoliona kwa macho, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa upande wa pili. Huko uendako kuna siku goti litauma, au mgongo, au moyo, na mtu atakwambia kidogo tu, onyesho moja tu, wiki saba tu. Usimtegemee awe mtu mbaya. Mtu mbaya ungemkatalia. Atakuwa ni anayekupenda, anayeamka alfajiri kwa ajili yako, anayejua chapati unayoitaka. Atasema kwa sauti ya upole na atakuwa anaamini anachosema. Mimi niliamini. Uamini mwili wako kuliko sauti yangu. Na ukiona mwenzio anakunja uso, muulize yeye, usijiulize wewe.

Na kama siku moja utakosea, maana utakosea, wewe ni mtoto wangu, sema siku ile ile. Siku ya kwanza ilikuwa sentensi moja. Leo ni kurasa hizi zote, na bado hazitoshi.

Mama yako nimemwambia asubuhi, baada ya swala. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakulia. Alisema, "Nilikwambia kuna kitu hapa." Halafu: "Nimemwona mtoto anajipiga miaka minne, na wewe unageuza shingo." Akauliza, "Hiyo barua utaitia wapi?" Nikasema, ndani ya begi, chini ya nguo za kuchezea, uisome ukifika. Akanigeukia.

"Akifika? Peke yake, nchi ya watu, baridi ile, hana hata mtu wa kumfungulia mlango?"

Nikalitazama begi lako.

"Umezoea kufichaficha, Athumani. Mpe mkononi. Mwenyewe."

Kwa hiyo nitakupa mkononi, ukiingia tu, kabla hujavua koti. Sitakaa mbele yako ukisoma, nitakuwa uani. Kesho uwanja wa ndege nitakuja ukinitaka. Usiponitaka, yule jirani Mrundi amesema gari lake lipo, na mama yako atakwenda naye. Hilo si adhabu unayonipa, wala usilifikirie hivyo. Ni haki yako kuchagua nani akushike mkono mlangoni.

Lakini kuna jambo moja lina saa yake. Sasa hivi inaelekea saa saba mchana. Kalamu yuko kazini Mount Druitt mpaka saa kumi na moja, nimempigia asubuhi nikamuuliza, na nikamwambia kwamba leo utajua. Akauliza, "Atakuja?" Nikasema sijui. Akasema atangoja, hatatoka hata kwenda kula.

Funguo za gari ziko mezani, mafuta yamejaa. Mimi sitakupeleka, safari hii nenda peke yako. Ukirudi na maneno ya kunitolea, yote, hata yale usiyoyajua kwa Kiswahili, nitayasikiliza nimesimama. Ukirudi huna neno, kula na mama yako, mimi nitakaa nje mpaka mmalize.

Nenda, mwanangu. Anakungoja.

Baba yako,
Athumani